Kuhamishia Linux Kwenye Diski Mpya

Tuchukue mfano wa kompyuta ya shule moja ya sekondari Arusha, yenye Linux na alama za wanafunzi za miaka mingi. Diski yake imeanza kugongagonga, na mpya imekwisha kununuliwa. Je, yatosha kunakili faili na kubadilisha diski? La. Kompyuta itawaka, kisha itakwama njiani.

Sababu yake yafanana na habari ya mifereji ya asili kwenye miteremko ya Mlima Meru. Maji hutoka kijito cha juu, hufuata mfereji mkuu, kisha tawi linaloingia shambani. Mkulima akihamishia migomba yake kiwanja kingine bila kuchimba tawi jipya, maji yatakwenda kulekule kwa zamani. Kompyuta nayo huwaka kwa ngazi: programu ya ubao mkuu huiamsha programu iitwayo GRUB, GRUB hupakia kiini cha Linux, nacho kiini hutafuta sehemu ya diski yenye mfumo. Kila ngazi huijua inayofuata kwa anwani tu. Kwa kawaida anwani hiyo ni UUID, yenye tarakimu 32. Sehemu ikiundwa upya hupata UUID mpya, ilhali GRUB na faili /etc/fstab bado hushika ile ya kale.

Basi kompyuta iwashwe kwa Linux iliyomo katika flashi, maana mfumo unaofanya kazi hubadilisha faili zake wakati zinanakiliwa. Diski mpya ikigawanywa, na sehemu za pande zote mbili zikiunganishwa, amri ni hii:

rsync -aAXH /mnt/kale/ /mnt/mpya/

Herufi hizo huhifadhi mwenye faili, ruhusa, tarehe na viungo, mambo ambayo kunakili kwa kipanya huweza kuyapoteza. Mkwaju unaofuata neno kale usisahauliwe. Bila huo hutokea folda ya kale ndani ya diski mpya.

Kisha amri blkid itaonyesha UUID mpya, ziandikwe katika fstab. Hatimaye /dev, /proc na /sys huunganishwa ndani ya mfumo mpya, mtu huingia humo kwa chroot, na kutoa amri za grub-install na update-grub (hii ya pili ni ya Debian na Ubuntu). Mashine za UEFI huhitaji pia sehemu yao ndogo ya kuwashia, iunganishwe kwanza.

Wako wanaopenda amri ya dd, ambayo hunakili kila biti, hata UUID. Ni rahisi, lakini diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, na diski hizo mbili zisiachwe pamoja, kwa kuwa zina anwani moja. Kwa diski inayougua dd si chaguo jema: kwa kawaida husimama ikutanapo na kosa la kusoma.

Diski ya kale isifutwe kabla kompyuta haijawaka mara kadhaa kwa diski mpya peke yake, na alama zote kuonekana.