Bhima na hoja ya siagi

Vita vimekwisha. Katika Mahabharata, ule utenzi mrefu wa Kisanskriti, jamaa wameuana kwa ajili ya kiti cha enzi, na mshindi, Yudhishthira, hana raha. Anakaa na wadogo zake wanne pamoja na baba yao mdogo, Vidura, anawauliza: dharma, artha na kama, lipi litangulie?

Hayo ndiyo malengo ya mwanadamu, purushartha, katika falsafa ya maadili ya Kihindi. Dharma ni wajibu na uadilifu. Artha ni mali na mamlaka. Kama ni raha na matamanio, ya mwili hata ya sanaa. Ukiiita “tamaa”, Kiswahili kitakuwa kimeshaihukumu kabla haijajitetea. La nne, moksha, yaani kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa, liliongezwa baadaye kwenye orodha.

Wengi huyapanga manne haya mithili ya ngazi. Mimi naona zaidi ugomvi wa nyumbani.

Vidura anatanguliza dharma, jambo lisiloshangaza kwa mzee. Arjuna, mmoja wa wadogo hao, anakataa: dunia ni uwanja wa kazi, kilimo, ufugaji, biashara, ufundi, asiye na kitu atatoa sadaka gani? Arthashastra, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, kinashikilia hoja hiyohiyo. Mapacha Nakula na Sahadeva wanasuluhisha: mali itafutwe, ila ndani ya dharma.

Kisha Bhima, mtu wa misuli na mlo, ambaye hakuna anayemtazamia falsafa. Yeye anasema mzizi ni kama. Asiyetamani hatafuti mali wala hashiki ibada; hata mtawa anayeishi msituni kwa matunda na mizizi yuko kule kwa sababu kuna kitu anakitaka. Siagi ni bora kuliko mtindi iliotokana nao, na kama nayo ni vivyo hivyo kwa mali na wajibu. Kumcheka ni rahisi, kumjibu, sijui. Hata Vatsyayana, mtungaji wa Kamasutra, hakufika huko: aliiweka dharma juu, artha ikafuata, kama mwisho, isipokuwa kwa mfalme na kahaba, ambao kwao artha hutangulia.

Yudhishthira anawasikiliza wote, halafu anachagua lile ambalo hakuliuliza: moksha, hali ya mtu ambaye dhahabu na bonge la udongo kwake ni mamoja. Nduguze wanafurahi, wanamwinamia.

Baada ya vita hivyo akatawala miaka 36.