Mali bila daftari: Seva ipi inafaa kutunza hesabu za biashara yako?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo si lile la karatasi lililokuwa likiwekwa chini ya kaunta ya duka. Madeni ya wateja, mishahara ya wafanyakazi, mizigo iliyopokelewa na fedha zilizotumwa nyumbani, vyote vimo ndani ya hifadhidata, na hifadhidata hiyo imo ndani ya kompyuta moja iliyowekwa kwenye kona ya ofisi.

Wasomaji wapenzi, katika makala yetu ya leo tunaiangalia kompyuta hiyo, yaani seva, na namna ya kuichagua. Tumechukua mfano wa miji mitatu ya Marekani: Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus katika jimbo la Ohio na Buffalo katika jimbo la New York. Miji hii imepokea wakimbizi na wahamiaji wengi kutoka Kongo, Burundi, Somalia na nchi nyingine za Afrika Mashariki na Kati, na Kiswahili husikika madukani, kwenye kampuni za malori na katika ofisi za kuhudumia wazee majumbani. Hata hivyo, yanayosemwa hapa yanamfaa pia mwenye duka la jumla Kariakoo au Eastleigh.

Sheria nayo inadai

Kutunza kumbukumbu si hiari ya mwenye biashara. Idara ya kodi ya Marekani, IRS, inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za kodi za wafanyakazi kwa muda usiopungua miaka 4. Tangu Desemba 2017, malori mengi yanayosafiri kati ya majimbo yanatakiwa kuwa na kifaa cha elektroniki kinachorekodi saa za dereva. Kampuni inatakiwa kutunza rekodi hizo kwa miezi 6, pamoja na nakala ya akiba iliyowekwa kwenye kifaa kingine tofauti. Kwa upande wa afya, kanuni za sheria ya HIPAA zinazitaka taasisi zinazotunza habari za wagonjwa kwa kompyuta ziwe na mpango wa nakala za akiba na wa kuzirejesha data baada ya ajali.

Kwa maneno mengine, ukimwambia mkaguzi kwamba kompyuta iliharibika, utakuwa umemweleza kosa lako mwenyewe.

Umeme kwanza

Wengi wetu tuliolelewa na mgao wa umeme tulidhani tumeuacha nyumbani. Historia ya miji hii inasema vingine. Huko Buffalo, tarehe 12 na 13 Oktoba 2006, theluji nzito iliangukia miti iliyokuwa bado na majani, matawi yakavunja nyaya, na wateja wapatao 400,000 wakakosa umeme, baadhi yao kwa zaidi ya wiki moja. Tarehe 14 Septemba 2008, upepo wa mabaki ya kimbunga Ike uliwaacha gizani wateja zaidi ya 300,000 katika eneo la Louisville, na siku hiyo hiyo ukaipiga Ohio pia. Columbus nayo, Juni 2022, katikati ya joto kali, kampuni ya umeme iliwakatia kwa makusudi wateja zaidi ya 200,000 baada ya dhoruba kuharibu njia kuu, ili nyaya zilizobaki zisizidiwe.

Ukitaja UPS mjini Louisville, watu watafikiria kampuni ya vifurushi yenye kituo chake kikuu cha ndege hapo. UPS tunayoizungumzia hapa ni lile boksi la betri linalokaa kati ya ukuta na seva. Kazi yake si kuendesha biashara gizani siku nzima, kwani mara nyingi huwa na dakika chache tu. Kazi yake ni kuipa seva nafasi ya kumaliza kuandika na kujizima kwa utaratibu. Kwa hiyo hakikisha boksi hilo linaunganishwa na seva kwa waya wa mawasiliano, na programu ya kuizima seva yenyewe imewekwa. Betri nayo huchoka. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Jambo la pili ni kufika ofisini. Katika dhoruba ya theluji ya Desemba 2022, watu zaidi ya 40 walifariki katika eneo la Buffalo, na magari yalipigwa marufuku barabarani. Hakuna daftari linalostahili roho ya mtu. Seva nyingi za kibiashara zina njia ya kuwashwa, kuzimwa na kukaguliwa kutoka mbali. Ulizia sehemu hiyo kabla ya kulipa.

Diski na kumbukumbu

Mnunuzi wa kawaida huuliza kwanza kasi ya prosesa. Kwa duka au ofisi yenye wafanyakazi 10, hilo ni swali la mwisho. Kinachokufa mara nyingi ni diski. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon uliotolewa mwaka 2007, uliohusu diski zipatazo 100,000, ulionyesha kwamba kwa kawaida asilimia 2 hadi 4 zilibadilishwa kila mwaka, kiwango kikubwa kuliko kile kilichodokezwa na watengenezaji.

Dawa yake ni kuweka diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile kwa pamoja, mtindo uitwao RAID 1. Moja ikifa, kazi inaendelea. Lakini usinunue pacha. Novemba 2019, kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD zilikuwa na kasoro katika programu ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zinakufa na data haipatikani tena. Diski mbili zilizowashwa siku moja zingeweza kufa karibu saa moja. Kampuni ilitoa programu ya kurekebisha, na waliosoma tangazo wakapona. Basi nunua diski za matoleo tofauti, na usasishe programu zake za ndani.

Kwa SSD, chagua zile za seva zenye kinga ya kukatika umeme. Hifadhidata huamini kwamba diski ikisema "nimeandika", imeandika kweli. Diski isiyo na kinga hiyo inaweza kuwa bado inashikilia maandishi kwa muda, na umeme ukikatika hapo, hesabu ya mwisho inapotea.

Kumbukumbu ya kompyuta iwe ya aina ya ECC, inayogundua na kusahihisha makosa madogo. Utafiti uliofanywa katika seva za Google na kutolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya kumbukumbu vilipata kosa katika mwaka mmoja. Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake: dola 500 inaweza kuandikwa vingine na asijue mtu.

Seva ya mtumba si haramu. Seva za ofisi kubwa huuzwa kwa bei ndogo baada ya miaka michache, nyingi zikiwa na ECC na pawasaplai mbili. Ila badilisha diski zote, na upige hesabu ya umeme. Mashine inayokula wati 200 mfululizo hutumia takriban uniti 1,750 kwa mwaka. Kwa senti 15 kwa uniti, ni dola 260 hivi.

Akiba haiozi

Ni vyema ikumbukwe kwamba diski mbili si nakala ya akiba. Karani akifuta deni kwa makosa, linafutika kote kuwili. Wezi wa mtandaoni wakiingia, wanafunga zote. Julai 2024 hata serikali ya jiji la Columbus ilivamiwa kwa njia hiyo. Kukodi seva kwenye wingu pia hakukuondolei wajibu huu. Machi 2021, moto uliunguza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakapoteza data zao moja kwa moja.

Kanuni inayopendekezwa na wataalamu ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Sisi tunaongeza: moja isiwe imechomekwa muda wote.

Hilo tulijifunza kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita diski ya hifadhidata ya habari zetu ilikufa. Hatukushtuka, kwani kila usiku nakala ilikuwa ikiandikwa. Tulipozifungua tukakuta majina ya faili yapo, ndani hamna kitu. Nywila ilikuwa imebadilishwa miezi 4 kabla, na programu ya kunakili iliendelea kuandika faili tupu. Hakuna kati yetu aliyewahi kufungua hata moja.

Kwa hiyo, mwenye fedha kidogo na aanze na nakala za akiba, kisha UPS, kisha diski, kisha kumbukumbu, na prosesa iwe ya mwisho. Na mara moja kila mwezi, chukua nakala ya jana, irejeshe kwenye kompyuta nyingine, umtafute mteja mmoja unayelijua deni lake. Ukilikuta, lala usingizi. Usipolikuta, shukuru kwamba umejua leo, siku ambayo seva yako bado iko hai.