Udongo Mweusi wa Kinamasi na Miti Yake

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, karibu na machimbo ya dhahabu, mnayajua mabonde yenye maji siku zote, ambamo miwale huota. Wengine husema ya kuwa bonde la namna hii ni mahali pa bure, pa mbu na matope tu. Sivyo. Bonde hilo ndilo mtungi wa kijiji.

Chukueni udongo wake mkononi, mkaukamue. Ukitoa maji mengi, na ndani yake mkaona vipande vya majani na mizizi, huo umefanywa na miti yenyewe. Majani huanguka majini. Maji huzuia hewa. Pasipo hewa majani hayaozi upesi, bali hulundikana mwaka kwa mwaka. Katika kinamasi kikubwa cha katikati ya Kongo, upande wa Mbandaka, udongo kama huu umelundikana kwa maelfu ya miaka, na mahali pengine kina chake ni karibu mita 6.

Basi angalieni yatokeayo mtu akichimba mfereji kukausha bonde, apate changarawe ya dhahabu. Maji hutoka, hewa huingia. Udongo huoza upesi na kushuka. Ukikauka hushika moto uendao chini kwa chini, nao huunguza mizizi hata miti ianguke. Kiangazi kikija, kijito hukauka, na wanawake huenda mbali kuteka maji.

Mambo haya hayakutokea huku tu. Katika Ufini, nchi ya baridi, watu walichimba mifereji ili miti yao ikue upesi katika vinamasi, hasa miaka ya 1960 na 1970. Walikausha hekta karibu milioni 5. Baadaye waliona ya kuwa wakikata mara moja miti yote ya msitu wa mispurusi, maji hupanda na miche huzama, maana miti mikubwa hunywa maji mengi. Kwa hiyo wengine sasa hukata baadhi ya miti tu, na mingine huiacha isimame.

Nanyi fanyeni hivi:

1. Msikate miti yote ya bonde. Kateni mmoja mmoja, mkiacha mikubwa ya kutoa mbegu na midogo ya kukua.

2. Shina la mwale huzaa mara moja tu, kisha hufa. Msigeme yote, acheni mengine yazae.

3. Msiwashe moto kando ya bonde wakati wa kiangazi.

4. Mkichimba shimo, wekeni udongo mweusi peke yake, mkaufunike kwa majani usikauke. Kazi ikiisha, rudisheni changarawe na mchanga kwanza, kisha udongo mweusi juu.

5. Mifereji isiyotumika izibeni kwa magogo na udongo wa mfinyanzi, ili maji yarudi.

Dhahabu ya shimo huisha siku moja. Siku hiyo mtahitaji maji ya kunywa, samaki na mashamba ya mpunga. Yatunzeni mabonde tangu sasa.