Je, Wajua? Oili ya giaboksi hupanda kwenye waya

Mercedes-Benz nyingi zenye giaboksi otomatiki ya 722.6, iliyoingia mwaka 1996, zina ugonjwa wa kuja na kuondoka: gari linang'ang'ania gia ya 2, ukilizima na kuliwasha linapona. Huenda giaboksi haina kosa. Mpira wa plagi yake ya pini 13 ukichakaa, oili huvuja, ikapenya ndani ya nyaya na kupanda taratibu, kama mafuta ya taa kwenye utambi, hadi kwenye kompyuta ya gia. Plagi ni ya bei ndogo; giaboksi, usiulize! Kabla fundi hajaishusha, mwambie achomoe soketi ya kompyuta hiyo atazame kama imelowa oili. Ikiwa kavu, apime sensa za mwendo.