Fahamu: Miili Ikibadilishana, Ni Nani Atakayeruka?
Miongoni mwa mashabiki wa katuni za ulimwengu wa kichawi, hasa zile za farasi wadogo wa My Little Pony, ipo hoja isiyokwisha: endapo kiumbe mwenye mbawa atabadilishana kiwiliwili na asiye nazo, ni yupi atakayeruka? Mzee wa Kizigua wa Handeni, au Msambaa wa Korogwe, aliyelelewa kwa ngano za wachawi wapaao usiku kwa ungo, pengine angejibu kwamba uwezo umo katika uganga, wala si katika viungo. Nami naiheshimu sana hoja hiyo, madhali katika ngano zile mwili haubadiliki hata kidogo.

Hata hivyo, maumbile nayo yana kauli. Chinja kuku na njiwa, kisha uvitazame vidari vyao: cha kuku ni cheupe, chenye misuli ya nguvu za ghafla ichokayo upesi, ndiyo sababu huishia kurukia paani, ilhali cha njiwa ni chekundu, chenye misuli ipatayo damu nyingi, ihimiliyo safari ndefu. Basi arithiye mwili hurithi nguvu.

Na maarifa je? Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwaka 1694, alipiga mfano wa mwana wa mfalme ambaye roho yake yaingia katika mwili wa fundi viatu, akahukumu kwamba nafsi hufuata kumbukumbu. Katuni yenyewe yamwunga mkono, kwani farasi wake Twilight Sparkle, alipojaliwa mbawa mwaka 2013, alilazimika kujifunza kuruka. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, aliyepata mwili wenye mbawa ataruka, lakini baada ya kuanguka sana.