Mwani ni chakula cha kuku, lakini si wa bwawa lolote

Je, msomaji, umewahi kuvunja yai ukakuta kiini kimepauka hata ukashuku kwamba limeharibika? Usilitupe. Yai hilo lina protini kama lenzake lenye kiini cha manjano iliyokolea, takriban gramu 6. Tofauti ni chakula alichokula kuku. Mahindi meupe tunayoyapenda Kenya hayana rangi ya kutosha kupaka kiini.

Kuna kiumbe kidogo cha majini kinachoweza kuipa rangi hiyo na protini pia. Ni mwani, ule ukijani unaoelea juu ya maji. Kabla mfugaji wa Kericho au Bomet hajachota ndoo moja bwawani, kuna mambo anayopaswa kuyajua.

Heroe walitutangulia

Aina inayosifika zaidi ni spirulina. Humea katika maji ya magadi kama ya Ziwa Nakuru, Elementaita na Bogoria, mashariki ya nchi ya chai. Heroe, yaani flamingo, huila, na wekundu wa manyoya yao hutokana na rangi iliyomo ndani yake. Huko Ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu huikausha juani na kuipika kama mboga.

Ikikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Watafiti wanaowalisha kuku huichanganya kwa kiasi kidogo. Hata kilo 2 au 3 katika kila kilo 100 za chakula hutosha kukoleza kiini.

Faida yake nyingine inahusu sufuria yako. Viwanda vya chakula cha kuku hutegemea sana omena wa Ziwa Victoria, samaki yule yule anayezilisha familia za kipato kidogo. Omena anayeenda kwa kuku ameondoka mezani pa mtu. Mwani ungepunguza ushindani huo.

Hatari iliyojificha

Mwani si wa aina moja. Kuna ukijani unaotoa sumu inayoshambulia ini la watu na la mifugo, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa macho huwezi kuutambua. Hata heroe hawakusalimika: watafiti wamekuta sumu ya aina hiyo katika mizoga ya ndege hao waliokufa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa.

Jambo hili linawagusa watu wa nchi ya chai. Mito Kipsonoi na Yurith huungana kuwa Mto Sondu, unaomwaga maji yake katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Mbolea inayosombwa na mvua mashambani, pamoja na maji taka ya mijini, huwa chakula cha mwani. Ghuba hiyo hugeuka kijani mara kwa mara, na ukijani wenye sumu umepatikana humo. Bwawa dogo linalopokea maji ya shamba laweza kupatwa na hali hiyo hiyo.

Je, spirulina safi yaweza kukuzwa nyumbani? Spirulina hupenda maji ya magadi yenye joto la nyuzi 30 hadi 35. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wake unaijua. Bila kibanda cha kuhifadhi joto, utapata mavuno haba. Ile ya dukani nayo ni ghali mno kwa mwenye kuku 20.

Ufanye nini?

Ukifuga, wape kuku mchicha au sukuma wiki kila siku, juu ya chakula chao cha kawaida. Fungia majani kwenye kamba ili wayadonoe. Mahindi ya manjano husaidia pia. Ukitaka kutumia spirulina, nunua iliyopimwa usalama wake, na umwone kwanza afisa wa mifugo. Wasinywe maji ya bwawa lililovaa utando wa kijani.

Ukiwa mnunuzi, usilipe zaidi kwa sababu ya rangi peke yake. Chagua yai safi lisilo na ufa, na ulipike mpaka ute na kiini vigande, hasa kwa watoto, wajawazito na wazee. Hapo utakuwa umeilinda afya ya jamaa yako kuliko rangi yoyote ya kiini.