Ulipigwa picha ya kichwa ikatoka safi? Picha gani?

Emilia Clarke unamjua kwa zile nywele nyeupe na majoka ya Game of Thrones. Chenye mashabiki hawakujua kwa miaka ni kwamba Februari 2011, akiwa na miaka 24 tu, kichwa kilimshika ghafla akiwa jimu London hadi akaanguka chooni. Mshipa wa ubongo ulikuwa umepasuka. Alikuja kuyasema hadharani mwaka wa 2019.

Kitu hicho kinaitwa aneurizimu. Ushaona tairi ya matatu imefura ubavuni? Ndiyo hiyo. Ukuta wa mshipa unadhoofika, unafura kidogo kidogo, na unaweza kukaa hivyo miaka na miaka. Karibu watu 3 kwa kila 100 wanatembea nayo, na wengi watazeeka nayo bila kujua. Noma ni ikipasuka. Damu inamwagika kuzunguka ubongo, na kichwa kinauma kuliko siku nyingine yoyote maishani mwako, tena maumivu yanafika kilele ndani ya dakika moja hivi.

Sasa hapa ndipo wasee huchanganyikiwa. Mtu anakwambia, "Nilipigwa picha, sina kitu." Sawa, picha gani? Na ilikuwa saa ngapi tangu kichwa kianze?

CT ya kawaida, isiyo na dawa ya rangi, kazi yake ni kusaka damu. Inachukua dakika chache. Damu mbichi inang'aa nyeupe, na ndani ya saa 6 za kwanza, mashine ikiwa ya kisasa na msomaji akiwa mtaalamu, ni nadra kuikosa. Lakini damu huyeyuka. Meza tembe za dukani, lala, ngoja Jumatatu, na kila siku inayopita picha hiyo inazidi kupoteza makali. Baada ya wiki moja inaweza kutoka safi kabisa ilhali ulivuja damu. Ndiyo sababu daktari anaweza kutaka kutoa maji ya uti wa mgongo yapimwe. Usikatae eti utalemaa, kama wanavyosema mtaani. Sindano hiyo huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia.

Halafu kuna hili: CT hiyo inaona damu iliyomwagika, si mshipa. Aneurizimu ndogo ambayo haijapasuka inaweza kuipita hivi hivi.

Ili mishipa ionekane, unadungwa rangi yenye ayodini kwenye mkono, kisha unarudishwa kwa mashine ileile. Hiyo ndiyo CTA. Joto linakupanda ghafla, wengine hudhani wamejikojolea (hujajikojolea, tulia). Ni ya haraka, kwa hivyo kwenye dharura hutangulia. Ila ina mionzi, mwenye figo mbovu au mzio lazima aseme mapema, na uvimbe wa chini ya milimita 3, hasa ukijificha karibu na mfupa, unaweza kuiponyoka.

MRA hutumia sumaku. Haina mionzi, na mara nyingi haitaki rangi. Unalala kama nusu saa ndani ya mtambo unaogonga kama fundi wa mabati. Kwa mtu anayevuja damu sasa hivi, huo ni muda mrefu, lakini kwa kufuatilia uvimbe mwaka hadi mwaka, mimi ningeichagua hii. Na kufuatilia si mchezo. Clarke alikuwa na aneurizimu ya pili, ndogo, iliyoachwa ikichunguzwa. Mwaka wa 2013 akiwa New York, picha ilionyesha imekua maradufu, na akafanyiwa upasuaji.

Inayoona kwa undani zaidi ni DSA. Mrija mwembamba huingizwa kinenani au kwenye kifundo cha mkono, ukasukumwa hadi mishipa ya shingo, rangi ikamwagwa papo hapo. Wazo hili ni la Egas Moniz, Mreno, tangu 1927. Kuna hatari ndogo ya kupata kiharusi, ndiyo maana si ya kila mtu. Lakini kwa njia hiyo hiyo, daktari anaweza kuiziba aneurizimu kwa nyuzi za platinamu bila kufungua fuvu.

Kama mzazi wako na ndugu yako wote wamewahi kuvuja hivyo, au nyumbani kwenu kuna ugonjwa wa kurithi wa malengelenge ya figo, muulize daktari kuhusu MRA hata kama kichwa hakikuumi. Na kikikulipukia ghafla, ukifika hospitali anza na saa kilipoanza.